Kabati Nililomtengenezea Mwenyekiti

Wiki iliyopita niliwaacha kaburini, mimi nikiwa na udongo wa baba yangu kwenye viatu, naapa kwamba Harlan Snavely atalia mbele ya watu kama alivyomliza mzee wangu. Baadhi yenu mmeniandikia mkiniuliza kama nina roho. Ninayo. Leo mtaiona ilivyo, halafu mniandikie tena.

Kwa aliyeingia leo: mimi ni Verna Umholtz, seremala, mtoto wa seremala, wa mji mdogo wa Hummelsgap huku Pennsylvania. Kwetu watu wazima hukusanya medali za kumbukumbu za maofisa wa vita, majenerali, makanali na makapteni, na kila Jumanne ya kwanza ya mwezi hukutana kwenye ukumbi wa zimamoto kuoneshana na kuoneana wivu.

Baba yangu, Reuben, alikuwa na medali moja tu ya maana. Ilikuwa ya Kapteni Tobias Haldeman, aliyeuawa katika vita vya Kaskazini na Kusini. Wanawake wa mji huu waliitengenezesha kwa madini ya risasi yaliyookotwa pale alipoanguka. Zilitolewa arobaini, moja kwa kila askari wake aliyerudi hai, na jina la askari likachongwa ukingoni. Yetu iliandikwa Peter Umholtz. Huyo ni babu yake baba, aliyembeba kapteni mgongoni mpaka kapteni akakata roho.

Harlan Snavely ni mwenyekiti wa chama, na watu walimwita Jicho, kwa sababu alichosema yeye kuhusu medali hakuna aliyekibishia. Aliishika ile ya baba mbele ya ukumbi mzima, akaitazama kwa lenzi, akasema, "Feki, Reuben. Imemiminwa juzi." Baba akamwachia medali palepale. Hakukanyaga tena ukumbini, na miezi mitatu baadaye tukamzika. Mwaka uliofuata Snavely akaipeleka medali ileile kwenye maonyesho ya jimbo, akarudi na utepe wa bluu wa mshindi wa kwanza.

Hayo ndiyo tuliyokuwa nayo. Sasa sikilizeni nilichofanya.

Oktoba ile Merle Troutman alikuja karakanani kwangu. Merle ndiye katibu wa chama, mtu mwema, ila habari hazikai tumboni mwake. Alizunguka akishikashika mbao, akanisifia patasi ambazo hazijui, mwishowe akasema kilichomleta. Snavely alikuwa anatimiza miaka ishirini ya uenyekiti. Chama kilitaka kumpa zawadi, kabati la droo nyembambanyembamba la kuwekea medali, na katika wilaya nzima hakuna wa kulitengeneza kama binti Reuben.

"Najua una kinyongo naye," Merle alisema. "Niliwaambia wenzangu, huyo Verna atanifukuza na randa."

"Aliyekufa amekufa, Merle."

"Kwa hiyo umemsamehe?"

"Unataka kabati au unataka maungamo?"

Akacheka, akafuta jasho. Alitaka kabati. Ila akasisitiza kwamba lazima liwe la mkangazi mtupu, ule mti mwekundu wa bei, ndani na nje. Harlan mwenyewe alikuwa ameshapenyezewa habari na ametoa sharti hilo, vinginevyo wasijisumbue hata kulishusha garini.

Nikamwambia aende kwa amani, nimeelewa. Na kweli nilielewa. Nilielewa kiasi kwamba alipotoka nilikaa chini kwenye vumbi la mbao nikacheka peke yangu.

Hapa niwafundishe kidogo, la sivyo hamtanifuata. Mkusanyaji wa medali ana sheria mbili anazozishika kuliko amri za kanisani. Ya kwanza, medali haiguswi uso kwa mkono mtupu. Unavaa glavu nyeupe za pamba, unaishika ukingoni kwa vidole viwili. Ya pili, medali ya risasi haiwekwi kamwe ndani ya mwaloni. Mwaloni ni mti mzuri, meza zetu zote ni za mwaloni, lakini unatoa pumzi chachu miaka na miaka baada ya kukatwa, na pumzi hiyo hula risasi. Medali inaanza na ukungu, inafuata madoa, halafu inageuka unga mweupe. Hakuna wa kuirudisha.

Baba alinifundisha nikiwa na miaka minane. Alinionesha kipande kilicholiwa hivyo, cheupe pe, na nilipotaka kukigusa akanipiga kofi la mkono. Aliniambia unga huo ni sumu, na ubaya wake ni kwamba una utamu, mtu akiuonja hautemi. Tangu siku hiyo hatukula chakula bila kunawa mpaka kwenye viwiko. Hilo nililikumbuka nilipokuwa nalitengeneza kabati, na nikajijibu kwamba hamna tatizo. Wakusanyaji wanavaa glavu. Hakuna mwenda wazimu katika chama kile anayegusa medali kwa mkono mtupu, sembuse kuonja.

Nilitaka tu medali zake. Nilitaka majenerali na makanali wake wa risasi, mkusanyiko wa maisha yake, waliwe mmoja mmoja. Kila Mei chama hufanya maonyesho ya mwaka, na mwenyekiti hufungua droo zake mbele ya mji mzima. Nilitaka azifungue akute unga. Na mimi niwe nimesimama mstari wa mbele, nimwambie, "Hilo si mkangazi, Harlan. Ni mwaloni." Sentensi hiyo niliifanyia mazoezi nikipiga randa, nikaijaribu kwa sauti ya juu na ya chini, mpaka nikaridhika nayo.

Nilichagua mwaloni mbichi, uliokatwa mwaka uleule, ambao pumzi yake ni kali zaidi. Droo zote na mifupa yote ya kabati nikavitengeneza kwa huo. Halafu nikaufunika kwa ngozi za mkangazi, mbao nyembamba kama karatasi, mbele, juu, ubavuni, hata kwenye kingo za droo. Sakafu za droo nikazitandika kitambaa cha kijani. Ndani sikupaka vanishi hata tone, ili mti upumue vizuri. Ilikuwa kazi bora niliyowahi kuifanya, na baba angeitambua mara moja, akaichoma moto.

Kilichobaki ni harufu. Mwaloni mbichi unanuka uchachu, na pua ya Snavely nayo ilikuwa na sifa zake. Nilimtafuta Merle nikamwambia kabati litakuwa tayari Mwaka Mpya, si kabla. Siku hiyo chama chote hula pamoja ukumbini, nguruwe na kabichi chachu, kama kila nyumba ya Hummelsgap.

Tulilikabidhi baada ya chakula. Watu walipiga makofi, wake zao wakapapasa mbao. Snavely alisimama, mrefu, amenyoosha shingo, akalipapasa taratibu kutoka juu mpaka miguuni. Alikawia kuliko nilivyotegemea. Kisha akavuta droo moja, akaingiza pua ndani.

"Kuna kitu kichachu humu," akasema.

Ukumbi mzima ulikuwa unamtazama.

"Ni kabichi, Harlan," mkewe Merle akamwambia. "Umekula sahani tatu, ndevu zote zinanuka."

Watu wakaangua kicheko. Snavely naye akacheka, akafunga droo, akasema kwa sauti kwamba limetengenezwa na mikono ya Reuben, hata kama Reuben hayupo. Alilitaja jina la baba yangu mbele ya watu wale wale. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Kabla ya kuondoka nilimsogelea, nikamuuliza kwa upole kama ya Kapteni Haldeman nayo itaingia humo. Nilikuwa nimeshamuuliza Merle mara mbili, lakini nilitaka kusikia kwa mdomo wake mwenyewe.

"Ile iko benki," akanijibu. "Huko ndiko inakokaa."

Hilo ndilo nililotaka. Ya baba iko benki, salama, kwenye chuma. Akishafedheheka na kujitoa chamani ataniuzia au ataniachia, sikujali ipi. Nililala usingizi wa mtoto mchanga usiku ule, wa kwanza tangu msiba.

Basi nikangoja. Habari zilinifikia kupitia Merle, ambaye sikuhitaji hata kumuuliza. Alisema Snavely amehamisha medali zake zote za risasi, akalifungia kabati chumbani kwake, na ufunguo anauvaa shingoni, hata dada yake Lovina anayeishi naye haruhusiwi kufungua. Nilifurahi. Kadiri lilivyofungwa ndivyo pumzi ilivyokaa ndani.

Februari alisema mwenyekiti hali chakula vizuri. Jumanne ya kabla ya Jumatano ya Majivu, siku ambayo sisi hukaanga maandazi mpaka mji mzima unanuka mafuta, alisukuma sahani pembeni akisema tumbo linamsokota. Machi alisema amekonda, suruali anaishika kwa mkono. Kwenye mkutano alinyanyua nyundo ya mwenyekiti ikamtoka, ikamwangukia Merle mwenyewe mguuni. Kiganja kilikuwa kinaning'inia tu kama kitambaa. Daktari alisema ni mawe ya nyongo na uzee.

Nilijisikiaje? Nilijisikia vizuri. Nasema kama ilivyokuwa, sina haja ya kujipamba kwenu. Nilikaanga kitunguu na viazi jioni ile nikala mpaka nikakomba sufuria. Nilisema moyoni kwamba Mungu ameamua kunisaidia upande wake, na mimi naendelea na wangu. Ningekuwa na akili ningeunganisha mambo, lakini mwenye kisasi hasomi anachooneshwa.

Aprili, wiki tatu kabla ya maonyesho, simu ililia karakanani. Alikuwa Lovina. Akasema Harlan ananiomba nifike nyumbani asubuhi ile ile kama naweza, na nisiwaambie watu wa chama.

Nikajua ameona. Amefungua droo, ameona unga, anataka kunilalamikia kimyakimya asiumbuke mbele ya watu. Nikavaa gauni langu la kanisani. Njiani nilikuwa nairudia ile sentensi, nikasikitika kidogo kwamba sitaisema ukumbini.

Lovina alinifungulia akiwa na aproni, macho mekundu. Aliniingiza chumbani kwa kaka yake, akaniwekea kahawa mezani, akarudi jikoni akiacha mlango wazi. Snavely alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi magotini. Sikumtambua mara moja. Shingo ile iliyonyooka ilikuwa imebaki mishipa. Kabati langu lilikuwa kando yake, na mkangazi ulikuwa unang'aa kama nilivyouacha.

"Ni wewe, binti Reuben?" akauliza.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili mbele yake, juani.

"Ni mimi."

"Kaa. Nina jambo ambalo ningekwambia zamani kama ningekuwa mwanamume."

Nikakaa. Akageuza uso kama wa kunitazama, lakini ukaelekea kikombe cha kahawa mezani.

"Sioni, Verna," akasema. "Sasa ni mwaka wa tano. Jicho la kushoto lilitangulia, la kulia likafuata. Naona mwanga na vivuli, basi. Anajua Lovina, na sasa wewe."

Nikamwambia hilo haliwezekani, yeye ndiye Jicho, yeye ndiye amekuwa akihukumu medali za wilaya nzima. Akasema alikuwa anahukumu kwa uzito, kwa mlio, kwa kumsikiliza mwenye nayo alivyo na wasiwasi. Mara nyingi alipatia. Watu walishazoea kumwamini, na mtu akishaaminiwa hahitaji macho.

"Na ya baba?"

Akalivuta blanketi juu ya magoti.

"Siku ile sikuona kitu. Niliweka lenzi jichoni nikaona ukungu. Baba yako alikuwa anatetemeka mikono, nikadhani ni hofu ya mwenye kitu feki. Sikujua anaumwa. Nikasema nilichosema."

Akaendelea, sauti ile ile. Alisema Lovina alimsomea ukingo nyumbani, baada ya mwezi, herufi kwa herufi, ndipo akajua amefanya nini. Baba alikuwa tayari hospitali. Alikwenda. Alipelekwa na Lovina mpaka mlango wa wodi, akasikia baba anakohoa, akageuka.

"Uligeuka," nikamwambia.

"Niligeuka."

"Alikuwa na wiki nane za kuishi. Ungesema neno moja. Alikuwa anaamka ananiuliza, Verna, babu Peter alitudanganya? Wiki nane ananiuliza hivyo."

"Ningesema ningetakiwa kueleza nilikoseaje. Nilikuwa mwenyekiti. Sijitafutii sababu, mwanangu. Nakwambia nilivyokuwa."

Nilitamani kumpiga. Mgonjwa, kipofu, mzee wa miaka sabini na sita, nilitamani kumpiga na kile kikombe cha kahawa. Afadhali angekuwa mwizi. Mwizi angekuwa angalau ameitamani medali ya baba yangu. Huyu aliua jina letu kwa sababu aliona haya kukiri kwamba haoni.

Alipapasa mfuko wa shati, akatoa kadi iliyokunjwa, akaniomba niisome. Ilikuwa kadi ya maonyesho ya jimbo, ile inayosimamishwa mbele ya medali. Iliandikwa kwa mwandiko wa Lovina: Kapteni Tobias Haldeman, iliyotolewa kwa Peter Umholtz, mali ya Reuben Umholtz wa Hummelsgap. Jina la Snavely halikuwemo. Utepe ule wa bluu niliouchukia mwaka mzima walimpa baba yangu. Mimi sikwenda kuyaona maonyesho yale. Niliambiwa na Merle kwamba Harlan ameshinda, nami sikutaka kusikia zaidi.

"Utepe niliuweka pamoja na medali," akasema. "Nilitaka nikurudishie vyote siku ya maonyesho, mbele ya watu wale wale, na niseme kwa nini. Lakini Alhamisi naingia kwenye kisu, na daktari haongei kama mtu mwenye uhakika. Basi chukua leo. Droo ya chini kabisa."

Niligeuka kulitazama kabati.

"Uliniambia iko benki."

"Ilikuwa benki. Niliitoa wiki ile ile mliponipa kabati." Akatabasamu, kwa mara ya kwanza. "Nilisema, ikirudi kwa Reuben, itoke kwenye mti wa Reuben."

Akavua ufunguo shingoni. Kiganja kilikuwa hakishiki, ilibidi niuokote kwenye blanketi. Nikapiga magoti mbele ya kazi ya mikono yangu, nikafungua, nikavuta droo ya chini.

Utepe wa bluu ulikuwa umenyunyiziwa unga. Juu yake palikuwa na kitu cha mviringo, cheupe, kilichovimba na kupasuka. Kapteni Haldeman hakuwa na uso. Nilikigeuza kwa ncha ya ufunguo nikatafuta ukingoni jina la mtu aliyembeba kapteni mgongoni, nikapata herufi mbili za mwisho tu, na nilipopumua karibu nazo zikadondoka.

Nilivuta droo ya juu yake, na ya juu yake tena. Majenerali wote, makanali wote, unga. Nilikuwa nimeshinda kwa namna nisiyoweza hata kuikadiria, na medali ya baba yangu ilikuwa imekwenda na ushindi huo.

"Unaonaje?" Snavely akauliza nyuma yangu. "Soma jina. Nataka nilisikie kwa sauti ya mtu wa ukoo."

Nilibaki nimeinamia droo. Akadhani nalia kwa furaha, akaniacha. Kisha akaanza kuniambia jinsi alivyopitisha majira ya baridi. Kila asubuhi baada ya kahawa, alisema, Lovina akiwa anaosha vyombo, hufungua droo na kuwasoma maofisa wake mmoja mmoja, kwa kidole. Siku hizi sura hazisomeki vizuri, naye alidhani ni vidole vyake vinavyokufa ganzi. Glavu ameziacha. Anajua ni dhambi kubwa kwa mkusanyaji, na mtu wa chama akimwona atamfukuza, lakini kipofu atafanyaje.

"Kidole kikavu hakisomi," akaniambia. "Unakilowesha kidogo. Hivi."

Akainama kutoka kitini, akapapasa mpaka akakuta droo iliyo wazi. Akaweka kidole juu ya jenerali mmoja, akakizungusha taratibu kama mtu anayemkumbuka rafiki. Kikatoka cheupe. Akakitia mdomoni, akakilowesha, akakirudisha.

"Ile poda uliyopaka ili droo ziteleze ni nzuri," akasema. "Mwanzo sikuipenda, inajaa kwenye mikono ya shati, Lovina ananung'unika. Siku hizi nimeizoea. Ina kautamu."

Nilihisi kofi la baba kwenye mkono wangu, kama nina miaka minane.

Tumbo linalosokota. Kiganja kinachoning'inia. Nyama iliyomwisha mwilini tangu Februari. Hakuwa na jiwe lolote la nyongo. Alikuwa anakula kabati langu, kila asubuhi baada ya kahawa, droo moja baada ya nyingine.

Lovina alisimama mlangoni akikausha mikono kwenye aproni. Hakutazama droo. Alinitazama mimi, akaniuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba kaka yake hatasikia.

"Verna, wewe unawajua wazee wa chama wote. Umewahi kuona mwenzao ameumwa hivi? Daktari anataka kumpasua na mwenyewe hajui anatafuta nini. Mtu akiniambia lolote, lolote lile, nitamsikiliza."

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa sentensi ile ile niliyoipigia randa vuli nzima, nikaihifadhi kwa ajili ya kumwangamiza, na sasa ilikuwa ndiyo dawa pekee duniani inayoweza kumponya. Hilo si mkangazi, Harlan. Ni mwaloni. Nikiisema atapona, na mimi nitakwenda na polisi. Nikinyamaza, Alhamisi watampasua, watakuta tumbo safi, watamshona, na yeye atarudi kwenye kiti hiki kuwasoma maofisa wake.

Wiki nane baba aliniuliza swali lile, na mtu mwenye jibu aligeuka mlangoni.

"Soma jina, mwanangu," Snavely akasema. "Basi nikuoneshe mimi, yuko huku chini, namjua kwa mguso."

Mkono wake ukashuka mpaka droo ya mwisho, ukamkuta Peter Umholtz, ukachukua kilichobaki chake. Lovina alikuwa bado ananitazama. Kidole kilikuwa njiani kwenda mdomoni, cheupe mpaka kwenye kiungo, na mimi nilikuwa bado nimepiga magoti, mdomo wazi, sijasema neno.